Sahihi ni Dhamana

Wahenga wametuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata penye daftari, mali hupotea mikononi mwa asiyelisoma.

Tarehe 14 Aprili, 1968, huko Augusta, Marekani, yalimalizika mashindano makubwa ya gofu ya Masters. Roberto De Vicenzo wa Argentina, aliyetimiza miaka 45 siku hiyo hiyo, alimaliza duru ya mwisho kwa mapigo 65. Kwa haki ya mchezo alikuwa sawa na Bob Goalby wa Marekani, kila mmoja mapigo 277, na ilipasa washindane tena kesho yake.

Lakini katika gofu mchezaji huandikiwa hesabu na mwenzake. Shimo la 17 De Vicenzo alilimaliza kwa mapigo 3. Tommy Aaron akamwandikia 4. De Vicenzo akatia sahihi bila kuhakiki, na sheria ikaishika hesabu ile kubwa aliyoikubali. Goalby akatangazwa bingwa kwa tofauti ya pigo moja.

De Vicenzo alikiri kuwa kosa ni lake. Goalby, aliyecheza kihalali, aliandamwa na lawama kwa miaka mingi. Hivyo uzembe wa mmoja humdhuru hata asiyehusika.

Nasi tunaotia sahihi hati za malipo, orodha za mishahara na stakabadhi za shehena bandarini, tusome kwanza. Kosa la karani huwa letu mara tu tunapotia sahihi, na anayelilipia ni mwananchi.