Toleo Jipya la Mfumo wa Kliniki: Tarehe, Ujumbe na Usalama wa Mgonjwa

Muuguzi anafungua kompyuta ya kliniki asubuhi na kukuta fomu imebadilika sura. Sehemu ya kuandikia uzito imehama, na jina la dawa halionekani pale alipolizoea. Hana muda wa kuuliza nani ameibadilisha, kwa kuwa mgonjwa ameketi mbele yake na foleni imefika mlangoni. Ataruka sehemu hiyo, au atabahatisha, au ataandika pembeni kwenye karatasi akitumaini kuingiza baadaye. Kila moja ya njia hizo tatu huacha pengo katika jalada la mgonjwa. Lawama hutupiwa kompyuta, ilhali mara nyingi kilichokosekana ni kitu cha kibinadamu kabisa: toleo jipya la programu lilitoka, na habari zake hazikumfikia anayelitumia.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo hutokea, yafaa kujua programu hizi zinatoka wapi. Baadhi ya mifumo inayotegemewa sana katika afya ni programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuuboresha. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, una mizizi Afrika Mashariki. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na uzoefu huo, kazi ya kujenga OpenMRS ilianza mwaka 2004, na mwaka 2006 mfumo huo ukaanza kutumika Eldoret, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda. DHIS2, inayokusanya takwimu za afya za Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi, huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Mtangulizi wake alizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990.

Mikono mingi, chombo kimoja

Uhuria una neema yake na mtihani wake. Programu moja hushughulikiwa na timu nyingi: moja hutunza kiini cha mfumo, nyingine kamusi ya istilahi za kitabibu, nyingine fomu na sura ya kurasa, nyingine ripoti, nyingine tafsiri, na nyingine majaribio. Wengine wameajiriwa na vyuo, wengine na mashirika, wengine wanajitolea. Hakuna bosi mmoja anayeweza kuwaamuru wote, na wahenga walishaonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo sababu miradi iliyokomaa humteua msimamizi wa toleo. Huyu ndiye anayetunza kalenda, anayezikumbusha timu, na anayetangaza kwa sauti moja kwamba toleo limekuwa tayari au bado.

Mfano wa kitabibu huonyesha uzito wa kazi hiyo. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir iwe dawa ya kwanza kuchaguliwa katika matibabu ya VVU. Kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir kilipaswa kupata nafasi katika mifumo ya kliniki. Katika mfumo wowote wa namna hii, badiliko hilo hugusa timu tatu kwa wakati mmoja: kamusi lazima iitambue dawa, fomu lazima iionyeshe, na ripoti lazima iihesabu. Fomu ikitangulia kamusi, daktari hataiona dawa anayotaka kuiandika. Ripoti ikichelewa, wagonjwa wanaotumia dawa mpya hawatahesabiwa, na maombi ya dawa za miezi ijayo yatajengwa juu ya idadi pungufu.

Kufunga milango

Kwa hiyo kalenda ya toleo huwa na vituo kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kwanza hufungwa mlango wa mambo mapya: baada ya tarehe hiyo hakuna kipengele kinachoongezwa, kazi inabaki kurekebisha kasoro tu. Kisha maneno yanayoonekana kwenye kurasa hugandishwa, ili watafsiri wasifanye kazi juu ya sentensi ambazo kesho zitabadilishwa. Hufuata toleo la majaribio, ambalo wataalamu wa nchi mbalimbali hulijaribu kwa takwimu za mfano, na mwishowe toleo kamili.

Tarehe hizo ni ahadi, na ahadi ni deni. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo kuahirisha ni uaminifu. Mradi wa Ubuntu, programu huria ya kuendeshea kompyuta, hutoa toleo kila Aprili na Oktoba tangu Oktoba 2004, na namba ya toleo hutaja mwaka na mwezi. Mwaka 2006 toleo la Aprili lilisogezwa hadi Juni, kwa kuwa lilikusudiwa kuhudumiwa kwa muda mrefu na lilihitaji kung'arishwa zaidi. Badiliko lilitangazwa mapema, namba ikawa 6.06, na kazi ikaendelea. Ucheleweshaji unaotangazwa humwezesha mtumiaji kupanga upya. Ule wa kimyakimya humwacha akisubiri na kukisia.

Hata saa yahitaji kusemwa kwa usahihi. Mradi wa kimataifa ukiandika kwamba mlango unafungwa Jumamosi saa 00:00 UTC, hapo Indiana bado ni Ijumaa jioni, ilhali Eldoret na Dar es Salaam ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Nasi tuna desturi yetu ya kuhesabu saa kuanzia macheo. Anayeandika "saa mbili" bila kusema asubuhi, na bila kuonyesha kwamba ni 8:00, ametoa tarehe yenye mitego.

Wakati wa dharura

Yako matoleo yasiyongoja kalenda. Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa wa usalama katika Log4j, kipande huria kinachotumiwa ndani ya programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Watunzaji wake waliarifiwa faraghani mwishoni mwa Novemba ili watengeneze kiraka kabla wahalifu hawajajua. Kiraka cha kwanza hakikutosha, na mwezi huohuo vikafuata vingine. Aliyesoma tangazo la kwanza pekee na kuacha kufuatilia alibaki na mlango nusu wazi akidhani ameufunga.

Kukabidhiana zamu

Wahudumu wa afya wanaijua kanuni hii tangu zamani. Muuguzi wa usiku haondoki wodini kwa kuwa saa imefika tu. Huondoka baada ya kuhakikisha kwamba wa asubuhi amepokea na ameelewa hali ya kila mgonjwa. Toleo la programu nalo ni makabidhiano. Tangazo lililotumwa halijafika mpaka mpokeaji alielewe.

Maelezo mazuri ya toleo hujibu maswali matano: nini kimebadilika, nani ataguswa, afanye nini, kuanzia lini, na ikishindikana atarudi vipi kwenye toleo la awali. Maelezo ya fundi wa seva hayamfai muuguzi. Kila mmoja aandikiwe kwa lugha ya kazi yake. Kituoni, ni busara kumteua mtu mmoja wa kupokea matangazo hayo na kuyafafanua katika kikao cha asubuhi. Nakala ya akiba ya takwimu ichukuliwe kabla ya kubadilisha toleo, majaribio yafanyike kwanza kwenye kompyuta isiyo na wagonjwa halisi, na siku za mwanzo wa mwezi, ambapo ripoti zinadaiwa, ziepukwe. Mtumiaji akiona kasoro, aieleze kwa mpangilio: alibonyeza nini, aliona nini, alitarajia nini. Taarifa ya namna hiyo ni mchango kamili katika programu huria, hata kama aliyeitoa hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Atunze kadi yake, ayajue majina ya dawa zake, na akiambiwa kwamba mfumo umebadilishwa, aombe jina, uzito na dawa zake zisomwe tena mbele yake. Dakika moja ya kuhakiki huziba pengo ambalo hakuna timu, iwe Oslo, Indiana au Eldoret, ingeweza kuliona kutoka huko iliko.