Majengo: mbele ya taa inayosikia simu, tuangalie waya

Mwenzetu mmoja wa shimoni alirudi kutoka Rubaya na akiba yake, akajenga hapa Majengo: chini bloki, juu mbao, vyumba vitatu na saluni. Alitaka nyumba yenye akili, ile ambayo taa inawaka kwa simu. Alinunua ampuli na kamera mbele ya kujua waya itapita wapi. Fundi alivuta waya moja nyembamba kutoka kwenye konteri, akaigawa vyumba vyote. Kwa jiko la umeme akapitisha ralonje nyuma ya mbao. Wiki ya tatu, mama wa nyumba akasikia harufu ya plastiki, ukuta uko wa moto. Alikata umeme kwenye konteri, akatoa watoto inje. Nyumba haikuungua, lakini mbao nne ziligeuka makala. Baba alikuwa mbali, shimoni.

Sisi wa sendika tulienda kumpa pole mama, tukabaki kuongea na mafundi wawili mpaka jioni. Tunaandika haya kwa wandugu ambao wako na mpango wa kujenga, na kwa wamama ambao wanabaki na nyumba wakati sisi tuko kazini.

Umeme umeongezeka mujini. Tuko na ule wa maji wa Matebe, kule Rutshuru, uliofunguliwa mwaka 2015. Tangu 2020 iko pia sola ya Nuru pale Ndosho, megawati 1.3. Lakini kazi ya kampuni inaishia kwenye konteri. Waya ya ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na kwetu nyumba za mbao zimegusana: moto wa mmoja ni moto wa avenu nzima.

Shimoni hakuna anayeshuka kama miti haijapigwa vizuri. Na nyumba iko vilevile. Kwanza karatasi. Chora vyumba, andika kila kitu kitakachokula umeme na wati zake. Ampuli ya LED ni wati 9 hivi. Jiko la wati 1 500 linakula sawa na ampuli zaidi ya 160. Sasa namna gani vyote viwili vipite kwenye waya moja?

Mafundi walitupa hesabu hii: taa, waya ya milimita mraba 1.5, prizi, 2.5; jiko kubwa, 6, na jiko liwe na njia yake peke yake. Kila njia iwe na disjonkteri yake: amperi 10 kwa taa, 16 kwa prizi, 32 kwa ile waya ya 6. Disjonkteri inalinda waya, hailindi jiko. Ikikatika kila siku, inakuambia kwamba mzigo umezidi ao waya iko mbaya. Fundi anayeiondoa na kuweka kubwa zaidi, juu usisumbuke, amekufungia mlango wa kutokea.

Ya pili ni ardhi. Majengo tuko juu ya mawe ya Nyiragongo. Fimbo ya shaba haiingii kwenye lava, na mawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Dawa iko mbele ya kumwaga beto: wakati msingi bado wazi, lazeni waya ya shaba isiyo na ngozi kuzunguka nyumba yote, chini kabisa, muifunike na udongo. Halafu kwenye tablo mutie diferansieli ya miliamperi 30, ambayo inakata haraka umeme ukianza kupita kwenye mwili wa mtu. Nyumba ikiisha kujengwa, kutafuta ardhi ni kuvunja.

Ya tatu ndiyo watu wa simu wanaisahau. Kwa kawaida fundi anashusha fazi peke yake kwenye swichi. Netre inabaki juu kwenye ampuli. Swichi nyingi za akili zinataka netre pale pale ukutani. Basi muombe fundi aishushe kwenye kila swichi, hata kama leo munaweka swichi ya kawaida. Na muache tiyo moja tupu kutoka kwenye tablo mpaka kila chumba. Tiyo tupu ni bei kidogo. Kupasua ukuta kesho ni bei kali.

Sasa hiyo akili yenyewe ifanye kazi gani? Ampuli ya simu ya mwenzetu ilikuwa inakufa kila mara mtoto akizima swichi ya ukutani. Hiyo ni mapambo. Kwa Majengo, tunaona kazi nne zenye faida. Rele inayokata umeme ukipanda ao ukishuka kupita kipimo, na inayongoja dakika chache mbele ya kurudisha, juu frigo isiungue. Kifaa kinachohamisha taa kwenye batri ya sola pale umeme unapokatika. Flotere inayozima pompi tangi ikijaa. Na taa ya mlangoni ambayo inawaka yenyewe giza likiingia, kwa mama anayerudi sokoni usiku.

Tena vyote viweze kuwashwa na mkono, bila intaneti. Mwezi wa tano 2021 lava ilifika Buhene, karibu yetu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 ikawa vita. Mara zote mbili umeme ulipotea. Nyumba inayongoja simu ili kufungua mlango ingefungia watu ndani.

Ndani ya vifaa hivyo mumo jasho letu: tantali inayotoka kwenye koltani ya Rubaya, na bati la kulehemu linalotoka kwenye kasiteriti kama ile ya Bisie. Tunavitoa ardhini kwa hatari. Visirudi kutuunguzia watoto.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Musimulipe fundi feza yote siku ya mwisho wa kazi. Mubakishe sehemu mpaka awashe kila kitu pamoja kwa saa nzima, aguse waya na disjonkteri mbele yenu kuona kama vinapata moto, na abonyeze kitufe cha kujaribu cha diferansieli. Kikikata, mulipe. Kama baba yuko shimoni, mama asimamie. Karatasi ya mchoro ibaki mikononi mwake. Na wale wa likelemba wanaweza kununua pamoja kifaa kimoja cha kupima, kizunguke parseli kwa parseli. Mwenzetu ameanza kuvuta waya upya, na safari hii mke wake ndiye anashika karatasi.