Mikono Iwe Wapi Kabla ya Mlio?

Katika mchezo wa kulenga shabaha kwa mtindo wa kauboi, muda huanza kuhesabiwa kabla ya risasi ya kwanza kutoka. Kifaa cha kupimia muda hulia, mlengaji huanza kazi, na kifaa hichohicho hunasa sauti ya kila risasi hadi ya mwisho. Baina ya mlio na risasi ya kwanza hupita muda mfupi ambao watazamaji wengi hawaujali. Urefu wake hutegemea sana amri moja ya aliyekitunga kituo, yaani duru moja ya mashindano yenye hadithi yake: mikono ya mlengaji iwe wapi mlio unapotoka.

Mchezo huu ulizaliwa California, Marekani. Mashindano yake makuu, End of Trail, yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na chama kinachousimamia, Single Action Shooting Society, kikaundwa mwaka 1987. Washiriki huvaa mavazi ya karne ya 19, hujichagulia majina ya bandia, na hutumia silaha za zama hizo au nakala zake: bastola mbili za silinda ambazo nyundo zake sharti zivutwe nyuma kwa kidole kabla ya kila risasi, raifoli ambayo aghalabu ni ya wenzo, na bunduki ya marisau. Shabaha ni vibao vya chuma vilivyosimamishwa karibu. Vya bastola mara nyingi havizidi mita 10. Kituo cha kawaida hudai risasi 10 za bastola, 10 za raifoli na nne au zaidi za marisau, na mahiri hukimaliza chini ya sekunde 20. Ukikosa kibao unaongezewa sekunde 5. Ukikosea utaratibu, sekunde 10.

Maelezo ya kituo yasipotaja mkao wa kuanzia, kanuni hujaza pengo: mlengaji husimama wima, bastola zikiwa kwenye ala, mikono imening'inia ubavuni bila kugusa silaha. Ni mkao salama na wa haki, lakini ukirudiwa kituo baada ya kituo unapima ustadi mmoja tu. Kiganja kiko karibu na mpini, mwili umeshaizoea njia hiyo, na mlengaji huchomoa bila kufikiri.

Mwambie mtu huyohuyo ashike ukingo wa kofia kwa mikono miwili, na hesabu inabadilika. Sasa mikono inashuka kutoka usawa wa macho hadi kiunoni, na wengi hupitiliza mpini kisha hulazimika kurudi juu kuutafuta. Mwambie akunje mikono kifuani, na itambidi kwanza aikunjue. Mkono uliolaliwa na mwenzake huchelewa. Mpe chupa ya wiski mkono wa kulia, na lazima aamue kama ataiweka chini, ataiachia, au ataanza na mkono wa kushoto. Upo pia mkao wa kuanza na raifoli mikononi: kitako kiwe kiunoni au chini yake, kidole kiwe nje ya kinga ya kifyatulio. Hapo hakuna kuchomoa kabisa. Raifoli ina risasi lakini chemba yake ni tupu, kwa hiyo baada ya mlio mlengaji husukuma wenzo huku akipandisha kitako begani, na aliyejifunza kuvifanya viwili hivyo kwa mwendo mmoja humwacha nyuma anayevifanya kwa zamu.

Mkao ninaoupenda zaidi ni wa meza ya karata, kwa sababu una historia ndani yake. Tarehe 2 Agosti 1876, mpiga bastola mashuhuri Wild Bill Hickok alipigwa risasi kwa nyuma na Jack McCall akiwa anacheza poka katika baa moja ya mji wa Deadwood. Husimuliwa kwamba mkononi alikuwa na ree nyeusi mbili na nane nyeusi mbili. Mtungaji akikuketisha mezani na karata tano mkononi, anakukalisha katika kiti cha Hickok.

Lakini kiti kina hatari zake. Mtu aliyeketi akichomoa bastola, mtutu unaweza kupita juu ya paja lake mwenyewe, na mpini unaweza kukwama kwenye mkono wa kiti. Mtungaji makini basi hulaza raifoli juu ya meza, mtutu ukielekea kwenye shabaha, na kuamuru ianze hiyo. Mlengaji huachia karata, huchukua raifoli, husimama na kuipiga. Akifika zamu ya bastola, miguu yote miwili iko ardhini na kiuno kiko huru.

Suala la haki ni gumu zaidi. Wapo wanaovaa ala ya kuvuka, ambapo bastola iliyo ubavu wa kushoto huchomolewa kwa mkono wa kulia. Kanuni hairuhusu mtutu utoke nje ya nyuzi 170 za upande wa shabaha, hivyo mlengaji huyu hugeuza kwanza kiuno, ubavu wa kushoto utangulie mbele, ndipo achomoe. Ukiamuru miguu yote ianze imegusana na ukuta, au umbane katika mlango mwembamba, yeye peke yake ndiye unayemwadhibu. Wa mashoto naye huumia pale kila kitu kinapowekwa upande wa kulia. Na mchezo huu una makundi ya umri hadi ya waliovuka miaka 70. Kuwapigisha magoti wazee hao hakupimi ulengaji wao, kunapima magoti yao. Mimi kituo cha namna hiyo nakihesabu kuwa kibovu hata kama hadithi yake ni tamu.

Dawa ni kumwachia mlengaji chaguo pale chaguo halivunji hadithi. Sema karata ziwe mkononi, usiseme mkono upi. Sema aguse meza kwa kiganja kimoja, yeye achague kipi. Kwa kawaida pia mlengaji hutamka sentensi fupi, mara nyingi iliyochukuliwa kwenye filamu za kauboi, na msimamizi hubonyeza kifaa baada ya hapo. Sentensi hiyo humweka kila mtu mahali pamoja pa kuanzia, mwepesi na mzito, kwa hiyo itamkwe kwa dhati. Kanuni zinadai kuheshimu roho ya mchezo, na anayekwepa makusudi kile ambacho kituo kinadai huongezewa sekunde 30.

Ukitazama video ya mchezo huu, acha kwanza vibao vya chuma. Itazame mikono kabla ya mlio, kisha ulinganishe walengaji watatu au wanne katika kituo kimoja. Utaona upesi nani amefanya mazoezi ya kuchomoa tu, na nani amefanya mazoezi ya kuanza.