Faili la Mtoto Limo Kikapuni mwa Mama

Mama mmoja kutoka Kaloleni aliketi mbele ya meza yangu asubuhi moja, mtoto wa miaka 6 mapajani, kikapu cha ukili miguuni. Nilipomwomba anieleze hali ya mtoto tangu kuzaliwa, alivuta pumzi. "Mwalimu, wewe ni wa sita. Nishasimulia hadi nimechoka." Akafungua kikapu na kuanza kupanga mezani: kijitabu cha kliniki, risiti za hospitali, barua ya chifu, karatasi ya mazoezi ya viungo iliyomwagikiwa chai, picha nne za pasipoti. Vyote vilikuwemo. Ofisi tano alizopitia kabla yangu, kila moja ilikuwa na kipande chake tu.

Mara nyingi nasikia kwamba huduma kwa watoto wenye mahitaji maalumu zipo nchini Kenya, ila wazazi huwaficha watoto. Wapo wanaowaficha, sikatai. Lakini katika kazi hii ya kutathmini watoto nimekutana zaidi na mzazi aliyebisha hodi kila mlango na kurudi nyumbani na tarehe nyingine ya miadi. Elimu iko wizara hii, matibabu wizara ile, fedha za kujikimu wizara ya tatu, na zote tatu zinaunganishwa na nauli ya mama.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi, walimu wakiwemo. Kuna tathmini mbili, na moja haisimami badala ya nyingine. Ya kwanza ni ya elimu. Hufanywa katika vituo vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark na sasa vimeenea kote nchini. Pale tunatazama mtoto anaona vipi, anasikia vipi, anaelewa nini, anajongea namna gani, kisha tunapendekeza asome wapi: darasa la kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Usingoje mtoto afike umri wa kuandikishwa. Mlete hata kama bado ananyonya.

Tathmini ya pili ni ya hospitali, na ndiyo inayozaa kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Hufanywa katika hospitali zilizoidhinishwa na serikali, wala ripoti yangu haiwezi kuchukua nafasi yake. Asiye na kadi hukwama vifaa saidizi na basari zinapogawiwa. Kisha kuna Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkali. Hazitoshi hata nepi za mtoto mkubwa, lakini ni haki ya anayestahili, na njia ya kuzipata huanzia mashinani, kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Kwa hiyo baraza la chifu si la kukosa.

Sasa turudi kwenye kile kikapu. Siku ile tulichukua karatasi moja, upande mmoja tu, tukaandika pamoja. Juu, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na namba ya cheti. Chini yake, mistari mitatu kuhusu kuzaliwa: alichelewa kulia, akapata manjano, akapata degedege siku ya nne. Halafu dawa anazotumia na vipimo vyake. Halafu nani amemwona na lini. Nusu ya chini tuliiachia mambo ambayo hospitali haiandiki: hula akiwa ameketishwa wima, hutambua sauti ya baba yake, huinua macho juu akitaka maji. Mama alisita kidogo kwenye mstari huo wa maji. Kumbe hakuwahi kuulizwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyetamka neno alikuwa na lugha yake, na aliyeijua ni mtu mmoja.

Piga kopi kumi za karatasi hiyo. Gharama yake haifiki nauli ya safari moja ya kwenda mjini.

Mstari kama ule wa maji ndio ushirikiano ninaoutaka kati ya nyumbani na shule. Kwa bahati mbaya, shule nyingi zikisema "ushirikiano wa wazazi" humaanisha mchango wa fedha. Mwalimu wa kitengo kimoja aliwahi kunilalamikia kuhusu mtoto mwenye usonji aliyejing'ata mkono kila siku saa nne. Akasema ni ukaidi. Tulipompa daftari dogo la kwenda na kurudi, mwalimu akiandika mchana na mama akijibu usiku, jibu lilipatikana ndani ya wiki mbili: nyumbani mtoto hufanya vivyo hivyo mashine ya kusaga posho ikiwashwa. Shuleni, saa nne ni kengele ya mapumziko, na kengele ilining'inia nje ya dirisha lake. Waliihamisha. Hakuna aliyehitaji shahada kwa hilo.

Mzazi mmoja huchoka, ndiyo maana nahimiza vikundi. Kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi, ambacho wengi hukitaja kama mfano, kilisukumwa na wazazi waliokataa kungoja. Kule Kilifi, watafiti walifuatilia vikundi vya walezi wa watoto wenye ulemavu na kuchapisha matokeo mwaka wa 2020. Walezi waliojiunga walipata kipato kidogo, waliacha kujiona wamelaaniwa, na majirani walianza kuwaona watoto kwa jicho jingine. Baadhi ya vikundi vilivunjika, na nisingependa kulificha hilo, kwa sababu penye fedha za pamoja pana ugomvi. Ushauri wangu ni kuanza na shida mnayoshiriki kabla ya akiba. Nawajua akina mama watatu walioanza kwa kukodi tuktuk moja siku ya kliniki, baada ya kuchoka kutozwa viti viwili kwenye matatu kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Chama cha kuzungushiana fedha kilikuja baadaye, walipokwisha kujuana tabia.

Mkifika watu 10 mnaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Cheti hicho huwawezesha kufungua akaunti na kuomba misaada ya vikundi, ukiwemo ule wa Hazina ya Kitaifa ya Walemavu, ambayo imekuwepo tangu 1980.

Mlango wa mwisho ndio ninaoona wazazi wetu wakiupita bila kuusukuma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka bodi ya kila shule ya umma iwe na mwakilishi wa mahitaji maalumu. Pia inataka kila shule iwe na chama cha wazazi chenye mwakilishi wa kila darasa. Katika shule nyingi ninazozuru, kitengo maalumu hakihesabiwi kuwa darasa siku ya kuchagua wawakilishi. Wazazi wake huketi nyuma na huondoka mapema kwa sababu mtoto amechoka, na nafasi ya bodi hupewa mtu ambaye hajawahi kuingia kitengoni. Kisha fedha za ziada ambazo serikali hutuma kwa ajili ya wanafunzi hao hukosa wa kuuliza zilinunua nini.

Mkutano mkuu wa wazazi hufanywa kila mwaka. Ulizeni tarehe yake mapema, pangeni nani atabaki na watoto, kisha nendeni wote mkamchague mtu wenu.