Donge la kufinyangia watoto: unga gani, chumvi kiasi gani, na kwa nini kuku wasiliguse

Katika kipindi chetu cha malezi tuligusia kwa dakika mbili tu kwamba mtoto mdogo anahitaji kitu laini cha kufinyanga kwa mikono yake. Hatukutegemea kingefuata nini. Walimu wa madarasa ya awali wa Masasi walitaka vipimo. Akina baba wawili watatu waliuliza kama huo si uchafu tu wa kumwongezea mama kazi. Na mama mmoja wa upande wa Newala aliuliza swali lililotufanya tutazamane pale studio: ni haki kumpa mtoto unga achezee, wakati jirani anakuja kukopa unga wa kula?

Siku ile tulijibu kwa mkato, na jibu letu halikuturidhisha hata sisi wenyewe. Tumeliandika hapa kwa urefu ili ulisome kwenye simu ukiwa na nafasi, na umwonyeshe mwenzako asiyekuwa karibu na redio.

Tuanze na faida, kwa sababu bila faida hakuna haja ya kugusa unga. Mtoto anapobonyeza donge, analiviringisha liwe kama mkia wa panya, analikata kwa kijiti na kulibandika tena, misuli midogo ya vidole vyake inapata nguvu. Misuli hiyo hiyo ndiyo itakayoshika penseli, kufunga vifungo vya shati na kumenya karanga. Mwalimu wa darasa la kwanza anamjua haraka mtoto ambaye vidole vyake havijapata kazi: anashika penseli kwa ngumi na kuchoka baada ya mstari mmoja. Tena mtoto anapofinyanga anaongea. Anasema huyu ni mbuzi, huyu ni babu, hii ni bodaboda, na lugha inakua humo humo. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na uchangamshi wa awali kwa njia ya michezo umo ndani yake. Kwa hiyo baba anayeona ni uchafu, tunamwelewa, lakini uchafu huu una kazi.

Kufinyanga kwenyewe si jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala na kuandika jinsi wanawake wa hapa walivyofinyanga vyungu kwa mkono mtupu, bila gurudumu. Wachonga vinyago wa Kimakonde nao, kwenye baadhi ya barakoa za mapiko, walibandika nta ya nyuki iliyofinyangwa kuonyesha chale za usoni. Kilicho kigeni ni lile donge la rangi za kung'aa linalouzwa madukani. Plastisini ilibuniwa mwaka 1897 na mwalimu wa sanaa wa Uingereza, William Harbutt, aliyetafuta udongo usiokauka haraka kwa ajili ya wanafunzi wake. Donge la unga linaloitwa Play-Doh lilianza Marekani kama kitu cha kusafishia masizi kwenye karatasi za ukutani. Miaka ya 1950 watu walipoacha kuhitaji kusafisha kuta, likageuzwa kuwa mchezo wa watoto. Kwa hiyo hata hilo la dukani asili yake ni unga, maji na chumvi, na ukiwa na sufuria na kuni mbili tatu unaweza kujitengenezea.

Vipimo vya donge la ngano ni hivi. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano na nusu kikombe cha chumvi, uvichanganye vikavu ndani ya sufuria. Ongeza kikombe kimoja cha maji, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula, na vijiko viwili vya maji ya limau au ndimu. Koroga mpaka mabuja yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo. Endelea kukoroga bila kuacha, kama unavyopika uji wa mtoto. Mwanzoni utaona ni uji tu, halafu ghafla utaanza kushikamana na mwiko na kuachia sufuria. Kwa kawaida haizidi dakika tano. Ipua, acha lipoe mpaka mkono ustahimili, kisha likande kama unga wa chapati hadi liwe laini. Likinata, nyunyiza unga kidogo. Likipasuka, lowesha viganja na ukande tena.

Kila kitu humo kina sababu. Unga wa ngano una protini inayoitwa gluteni, ambayo ndiyo inayofanya chapati ivutike bila kukatika. Moto unaivisha wanga ili donge lishikane, tena unaua vijidudu, kwa maana unga mbichi haukupikwa kiwandani na si salama mdomoni mwa mtoto. Mafuta yanazuia donge lisikauke wala kunata. Limau linalilainisha. Chumvi inavuta maji na kuwanyima kuvu nafasi ya kuota, ndiyo maana donge lenye chumvi, ukiliweka kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, hukaa wiki kadhaa. Wakati wa masika chumvi hiyo hiyo huvuta unyevu wa hewani, na utalikuta limelegea asubuhi. Halijaharibika. Likande na unga kidogo.

Kwa wale wa Newala na Tandahimba ambao ndoo ya maji ina thamani yake, hasa siku bomba la mradi wa Makonde linapokuwa kimya, angalia: kikombe kimoja cha maji kinatosha donge la watoto watatu, na kitambaa kimoja chenye unyevu kinatosha kupangusa mikono.

Sasa tukae kidogo kwenye chumvi, kwa sababu hapa ndipo penye hatari, na kwenye kipindi hatukuisema vya kutosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Donge tulilolieleza, kipande chake cha ukubwa wa ndimu kina zaidi ya vijiko viwili vya chai vya chumvi. Mtoto wa miaka miwili akikimeza chote, chumvi inapanda ghafla kwenye damu yake. Dalili ni kiu kali, kutapika, kulegea au usingizi usio wa kawaida, na ikizidi, degedege. Ladha ya chumvi kali huwafanya watoto wengi wateme wenyewe, lakini usitegemee hilo. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu, au yeyote ambaye bado anapeleka kila kitu mdomoni, asipewe donge la chumvi. Akimeza kipande kikubwa, usimtapishe. Kama yuko macho mpe maji kidogo kidogo na umpeleke zahanati, ukaeleze ni donge la nini na lilikuwa na chumvi kiasi gani.

Na kuku je? Watu wengi mchezo ukiisha hutupa masalia uani, na kuku hawaulizi. Chumvi nyingi ni sumu kwa kuku, vifaranga hasa, na kwa mbwa vilevile. Donge la chumvi lililochoka litupe chooni au lifukie chini kabisa.

Turudi kwenye swali la yule mama. Tunaijua hali. Januari hadi Machi, fedha za korosho zimeshakwisha na mahindi bado yako shambani. Katika miezi hiyo hatuwezi kukaa kwenye kipaza sauti tukakwambia ununue unga wa ngano wa kuchezea. Jibu letu ni kwamba usinunue. Tumia kiporo cha ugali wa muhogo.

Muhogo hauna gluteni, kwa hiyo ukiuchanganya na maji baridi utapata kitu kinachomeguka tu. Lakini wanga wa muhogo ukishaiva unanata na kuvutika, na kila aliyesonga ugali wa muhogo analijua hilo mkononi. Chukua tonge mbili za kiporo au ukoko laini, weka tone la mafuta kwenye kiganja, kanda mpaka mabonge yaishe. Hapo una donge. Kama hakuna kiporo, viganja viwili vya unga wa muhogo na maji yanayochemka vinatosha, ukisonga kama kawaida. Halina chumvi, kwa hiyo halikai: siku moja, ikizidi mbili, baada ya hapo linachacha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mdogo wake akionja hakuna neno, ilimradi ni la leo na mikono ilinawa, na jioni kuku wanaruhusiwa. Unga haukutupwa, umepita tu mikononi mwa mtoto kabla ya kufika kwa kuku. Mtoto mdogo kabisa asiachiwe vipande vikubwa peke yake, maana chochote kinachonata kinaweza kumkaba.

Kuna onyo moja kuhusu unga wa kutumia. Wapo waliotuuliza kama wanaweza kumalizia unga ulioharibika. Unga wenye fukusi tu, uchekeche na uupike, hauna shida. Unga wenye kuvu, wenye harufu ya uvundo au mabonge ya kijani, kijivu au meusi, hapana. Kuvu hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Vilevile muhogo mchungu ambao haujaloweshwa na kuanikwa ipasavyo una sumu ya sianidi. Mkono wa mtoto hautoki mbali na mdomo, kwa hiyo unga ambao wewe usingeupika ule, usimpe auchezee.

Njia ya tatu haina unga kabisa, nayo ni udongo wa mfinyanzi. Hapa ndugu zetu wa Masasi wana nafuu, maana mabondeni kati ya ile milima ya mawe udongo unaonata haupatikani mbali. Juu ya uwanda, ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, unaona chini bonde la Ruvuma lilivyojaa kijani, lakini wewe umekanyaga mchanga mwekundu usioshika. Uliza wafinyanzi wa kijijini kwako wanachimba wapi, au ukimtembelea ndugu bondeni rudi na mfuko. Uponde, toa mawe na mizizi, loweka usiku mmoja, kanda. Udongo uchimbwe mbali na choo, jalala na zizi, kwa sababu ya mayai ya minyoo. Usitoke kwenye shamba la mikorosho lililopulizwa salfa au dawa ya ubwiri unga, na kamwe usibebwe wala kuhifadhiwa kwenye mfuko wa salfa au chupa ya dawa, hata kama umeuosha mara tatu. Ukikauka, loweka upya. Udongo ndio mwalimu mwenye darasa la watoto sitini anaoweza kuumudu bila kuomba mchango, na kwa maoni yetu ndio wa kuanza nao shuleni.

Rangi nazo zipo jikoni. Binzari inatoa manjano. Mkaa uliosagwa vizuri unatoa nyeusi. Majani ya mchicha yaliyotwangwa na kukamuliwa yanatoa kijani. Maji ya rozela, ambayo wengine huiita choya, yanatoa nyekundu, na kwa kuwa ni machachu kama limau, ukiyatumia kwenye donge la ngano huna haja ya ndimu. Tumeulizwa kuhusu mabibo: maji yake huacha madoa yasiyotoka kwenye nguo, na sare ya shule haina kosa. Ganda la korosho ndilo la kukaa nalo mbali zaidi. Mafuta yake yanaunguza ngozi, na mtoto wa hapa aliyewahi kubangua korosho mbichi anaweza kukuonyesha kovu. Yasiingie kwenye donge, na watoto wasitumie maganda hayo kupamba wanyama wao. Mbegu za mabuyu, magunzi na vijiti vya mchongoma vilivyotolewa miiba vinatosha.

Mtoto akitengeneza kitu asichotaka kivunjwe, kianike kivulini siku mbili tatu, kisha juani. Ukianza na jua kali, kinapasuka. Cha muhogo kitapasuka hata hivyo, mwambie mapema asije akalia.