Sauti Mbili, Mifuko Sita: Hesabu za HIGH and MIGHTY COLOR

Tarehe 26 Januari 2005, bendi ya roki kutoka Okinawa iitwayo HIGH and MIGHTY COLOR ilitoa singo yake ya kwanza, "Pride". Singo hiyo ilipanda hadi nafasi ya 2 kwenye Oricon, chati inayopanga nyimbo za Japani kwa mauzo ya kila wiki. Mwaka 2010 bendi ilivunjika. Mashabiki wengi huuliza kwa nini bendi iliyoanza juu vile haikudumu. Makala haya yanauliza jambo dogo zaidi, ambalo linaweza kupigiwa hesabu: nakala zikiuzwa kwa wingi, mwanamuziki mmoja wa bendi ya watu sita anabaki na kiasi gani mkononi?

Watu hao sita walikuwa Maakii na Yuusuke waimbaji, Kazuto na Meg wapiga gitaa, mACKAz mpiga besi na Sassy mpiga ngoma. Maakii, mwanamke, alibeba melodia. Yuusuke, mwanamume, alirapu na kupaza sauti nzito ya kukwaruza. Mjibizano wa sauti hizo mbili ndio uliokuwa alama yao. Kwenye daftari la hesabu, hata hivyo, sauti ya pili ni mfuko wa ziada unaosubiri kujazwa kutoka kwenye chungu kilekile.

Kwanza, soko lilivyokuwa. Okinawa ni mkoa wa visiwa, mbali kusini mwa Tokyo, lakini miaka ile ulikuwa ukiuza muziki kuliko ukubwa wake. Bendi ya huko iitwayo Mongol800 ilitoa albamu "Message" mwaka 2001 bila kampuni kubwa ya rekodi, ikavuka nakala milioni 2.8. Orange Range, nao wa Okinawa, walitoa "musiQ" Desemba 2004, ikavuka nakala milioni 2.6. Albamu mbili hizo peke yake ni zaidi ya nakala milioni 5.4. HIGH and MIGHTY COLOR waliingia sokoni chini ya Sony wiki chache baada ya "musiQ".

Pili, msukumo wa televisheni. "Pride" ulikuwa wimbo wa pili wa ufunguzi wa katuni ya Gundam SEED Destiny, uliosikika kuanzia kipindi cha 14 hadi cha 24, yaani vipindi 11. Ufunguzi wa katuni za Japani huchukua sekunde 90 hivi. Sekunde 90 mara 11 ni sekunde 990, dakika 16 na nusu. Tangazo la kawaida la televisheni nchini humo ni la sekunde 15, kwa hiyo dakika hizo ni sawa na matangazo 66, saa 12 jioni ya Jumamosi, mbele ya watazamaji ambao tayari wameketi kuangalia. Wimbo wao "Ichirin no Hana" ulifungua katuni ya Bleach kwa vipindi 23, kuanzia cha 52 hadi cha 74. Hiyo ni dakika 34 na nusu, sawa na matangazo 138.

Nafasi ya 2 inapaswa kusomwa pamoja na dakika hizo. Chati inapima mauzo ya wiki. Haitenganishi aliyenunua kwa kuipenda bendi na aliyenunua kwa kuipenda katuni. Wa kwanza atarudi kwa albamu ya tatu. Wa pili atahamia kwenye wimbo wa ufunguzi unaofuata, na Gundam SEED Destiny ilikuwa na nyimbo nne za ufunguzi katika vipindi 50.

Sasa tuingie kwenye pesa. Mkataba wa bendi hii haukuwekwa hadharani, kwa hiyo natumia viwango vya kawaida vya tasnia ya Japani, na nitavitaja wazi ili msomaji avibadilishe akitaka. Bei ya singo nachukua yeni 1,000 bila kodi. Mauzo nachukua nakala 100,000, kiwango ambacho Chama cha Kampuni za Rekodi cha Japani, RIAJ, hutolea cheti cha Dhahabu. Yeni 1 nachukua kuwa shilingi 17 za Tanzania, makadirio ya miaka hii, si ya 2005. Jumla ya mauzo basi ni yeni milioni 100, sawa na shilingi bilioni 1.7.

Mrabaha ni sehemu ya bei inayolipwa kwa mwenye haki kila nakala inapouzwa. Upo wa aina mbili hapa: wa mwimbaji au mpigaji, kwa kurekodi, na wa mtunzi, kwa kuandika wimbo. Kwa msanii mpya wa Japani, mrabaha wa kurekodi huwa karibu asilimia 1 kwa bendi nzima. Asilimia 1 ya yeni 1,000 ni yeni 10. Lakini kabla ya kupiga asilimia hiyo, ni desturi kukata asilimia 10 kwa ajili ya kasha, kisha kuhesabu asilimia 80 tu ya nakala kwa hofu ya zitakazorudishwa na maduka. Elfu moja mara 0.9 mara 0.8 ni yeni 720, na asilimia 1 yake ni yeni 7.2.

Iweke mezani uione. Yeni 7 ni sarafu moja ya yeni 5, ile ya rangi ya shaba yenye tundu katikati, na sarafu mbili za yeni 1 za aluminiamu. Gawa kwa watu sita: kila mmoja anapata yeni 1.2, sarafu moja nyepesi yenye uzito wa gramu 1, na chenji isiyo na sarafu. Mara nakala 100,000, bendi ina yeni 720,000 na kila mwanachama yeni 120,000, sawa na shilingi milioni 2.04. Chukua kima cha chini cha mshahara wa Tokyo mwaka 2005, yeni 714 kwa saa. Yeni 120,000 ni mshahara wa saa 168, yaani siku 21 za kazi ya saa nane. Diski laki moja zimelipa mwezi mmoja wa kazi ya dukani.

Upande wa utunzi una nafuu. JASRAC, shirika linalokusanya mirabaha ya watunzi, hutoza asilimia 6 ya bei ya diski, yaani yeni 60. Kwa nakala 100,000 hizo ni yeni milioni 6. Tuchukulie nyimbo zote kwenye diski zimeandikwa na bendi, na mchapishaji wa muziki, kampuni inayosimamia haki za wimbo, amechukua nusu. Kwa nyimbo za katuni ni kawaida mchapishaji huyo kuwa na uhusiano na kituo cha televisheni. Zinabaki yeni milioni 3, au yeni 500,000 kwa kila mtu. Kalamu imelipa mara nne na zaidi ya kile kilicholipwa na sauti na magitaa. Bendi inayoimba nyimbo zilizoandikwa na wengine ingebaki na zile 120,000 tu.

Jumlisha pande zote mbili: bendi ina yeni milioni 3.72 kati ya milioni 100, yaani asilimia 3.72. Kwa shilingi ni milioni 63.24 kati ya bilioni 1.7. Kila mwanachama ana yeni 620,000. Zaidi ya asilimia 96 imebaki kwa duka, msambazaji, mchapishaji na kampuni ya rekodi. Kampuni ina hoja ya kweli: imelipia studio, matangazo na wasanii wengine ambao hawakuuza. Lakini ukubwa wa hoja hiyo haubadilishi ukubwa wa asilimia.

Hesabu inayofuata ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote. Mtu anayelipwa yeni 714 kwa saa, saa nane kwa siku, siku 240 kwa mwaka, anapata yeni 1,370,880. Mwanachama wa bendi ya watu sita anapata yeni 6.2 kwa kila nakala. Ili amfikie mfanyakazi huyo wa ngazi ya chini kabisa ya sheria, bendi inahitaji kuuza nakala 221,110 kila mwaka. Hizo ni zaidi ya singo mbili za Dhahabu kwa mwaka, bila kukosa hata mwaka mmoja.

Punguza mtu mmoja, bendi iwe na mwimbaji mmoja na wapigaji wanne. Kila mwanachama sasa anapata yeni 7.44 kwa nakala, na lengo linashuka hadi nakala 184,258. Tofauti ni nakala 36,852. Hiyo ndiyo bei ya sauti ya pili, kila mwaka. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha Okinawa mwaka 2005 kilikuwa yeni 608. Ukipima kwa kiwango hicho, bendi ya watu sita inahitaji nakala 188,284, pungufu kwa nakala 32,826. Kupima kwa mshahara wa Okinawa badala ya wa Tokyo kunakaribia kufuta gharama ya mwanachama mmoja.

Hesabu hiyo ina dhana moja dhaifu, na lazima isemwe: inachukulia kwamba mauzo yangekuwa yaleyale bila sauti ya pili. Sidhani. Mjibizano wa Maakii na Yuusuke ndio uliowatofautisha na bendi nyingine zilizopanga foleni kwenye rafu ileile. Kama sauti ya pili ilileta wanunuzi zaidi ya 36,852 kwa mwaka, ilijilipia. Kama ilileta pungufu, wenzake watano walikuwa wakiigharamia. Bendi yoyote yenye waimbaji wawili inaweza kujipima kwa namba yake yenyewe.

Tatu, ngazi waliyokuwa wakiipanda ilikuwa inazama. Kwa takwimu za RIAJ, thamani ya diski za muziki zilizozalishwa Japani ilikuwa yeni bilioni 607.5 mwaka 1998, kilele chake. Mwaka 2005, bendi ilipoanza kuuza, ilikuwa bilioni 367.2. Mwaka 2010, ilipovunjika, ilikuwa bilioni 225. Katika miaka mitano ya kazi yao soko lilipoteza bilioni 142.2, asilimia 38.7. Bendi iliyoshikilia sehemu yake ya soko bila kuteleza hata kidogo ingepoteza zaidi ya theluthi ya mapato ya diski.

Jibu la haraka ni kwamba simu zilifidia. Namba zinasema zilifidia kwa sehemu. Mauzo ya muziki kwa njia ya mtandao na simu yalikuwa yeni bilioni 34.3 mwaka 2005, na bilioni 86 mwaka 2010. Ongezeko ni bilioni 51.7. Katika kila yeni 100 zilizopotea upande wa diski, zilirudi yeni 36.

Katika hali hiyo, Maakii aliondoka mwaka 2008. Nafasi yake ilichukuliwa na Halca mwaka 2009. Kwa hesabu ya vichwa, bendi ilipoteza mmoja kati ya sita, asilimia 16.7. Kwa hesabu ya kazi, sauti yake ilikuwa kwenye albamu zote nne zilizotoka kati ya 2005 na 2008, asilimia 100. Mpiga besi akiondoka, msikilizaji wa redioni anaweza asijue. Mwimbaji akiondoka, kila wimbo wa jukwaani unalinganishwa na diski iliyo nyumbani kwa shabiki. Halca alipewa mzigo huo, na miezi isiyofika ishirini na minne baadaye kazi ilikwisha.

Kuna mapato ambayo sikuyaweka hapa: matamasha, fulana, klabu ya mashabiki, malipo ya redio, na mshahara wa kila mwezi ambao mameneja wengi wa Japani huwalipa wasanii wao. Matamasha yana uzito mkubwa zaidi. Chukua ukumbi wa Zepp Tokyo wa wakati ule kama kipimo, uliochukua watu 2,709 wakisimama. Kwa tiketi ya yeni 4,000, mlango uliojaa unaingiza yeni milioni 10.84. Bendi ikibaki na asilimia 34 baada ya kulipia ukumbi, mitambo, mafundi na nauli, usiku mmoja umekaribia kulingana na singo ya nakala 100,000. Asilimia 34 si rahisi kuipata. Lakini usiku unaweza kurudiwa, na diski moja shabiki hainunui mara mbili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nafasi ya 2 ya mwaka 2005 ilikuwa ya kweli, na ilistahili. Haikuwa kipimo cha kipato, na haikupaswa kusomwa kama ahadi ya maisha. Bendi ya watu sita, kwa viwango vya kawaida, katika soko lililopungua kwa asilimia 38.7, ilihitaji zaidi ya nakala laki mbili kwa mwaka ili kila mmoja afikie kima cha chini cha mshahara. Kudumu miaka mitano na kutoa albamu nne mfululizo chini ya hesabu hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Nawe msomaji, kama una kikundi na umeletewa mkataba, usianze kwa kuuliza utafika nafasi ya ngapi. Uliza asilimia inapigwa kwenye bei ipi, baada ya makato gani, nani ameandikwa kuwa mtunzi, na inagawanywa kwa watu wangapi. Kisha piga hesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi.