Sabasaba: tarehe ya chama iliyogeuka soko la kimataifa

Wafanyabiashara wa Burundi wanaoelekea Dar es Salaam mwishoni mwa Juni huenda kwenye maonyesho ambayo Watanzania huyaita Sabasaba tu. Jina hilo ni tarehe: Julai 7, 1954, siku kilipoasisiwa chama cha TANU kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika. TANU iliungana na Afro-Shirazi mwaka 1977 na kuzaa CCM, lakini tarehe ilibaki, na leo wengi huihusisha zaidi na sufuria za bei nafuu kuliko siasa.

Uwanja wa maonyesho, ulioko Barabara ya Kilwa, husimamiwa na TanTrade, mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009 iliyounganisha bodi ya biashara ya nje na ile ya ndani.

Kwa mgeni, jambo zito ni forodha. Bidhaa za kuonyeshwa huweza kuingizwa kwa muda bila ushuru, kwa sharti la kurudishwa; zikiuzwa, ushuru hudaiwa. Zilizozalishwa Burundi, zikiwa na cheti cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, husamehewa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine hubaki palepale. Asiye na cheti hicho hutozwa kama aliyetoka ng'ambo, hata kama kahawa yake imevunwa Ngozi.